Mbavu za ukulele: jinsi ya kuunda uso unaotoa sauti na shingo isiyoumiza vidole

Maswali ninayoulizwa na mafundi wanaoanza ni yale yale. Kwa nini ukulele niliyounda ina sauti fupi, kama nagonga kisanduku? Mbavu za ndani ziwe ngapi? Mbona kubana freti ya kwanza, kile kijiti cha chuma cha juu kabisa shingoni, kunaumiza vidole na noti inapanda? Nimeamua kuyajibu yote kwa pamoja, hatua kwa hatua, kwa fundi aliyeko Uganda anayetumia mbao zinazopatikana hapa.

Jambo moja ulibebe tangu mwanzo: ukulele nyingi za fundi anayeanza hukosa sauti kwa sababu zimejengwa kwa nguvu kupita kiasi. Nyuzi nne za ukulele kwa jumla huvuta takriban kilo 15 hadi 20 tu. Gitaa la nyuzi za chuma huvutwa kwa kilo 70 na zaidi. Ukihamishia ukulele mbavu za gitaa, nyuzi hazitakuwa na nguvu ya kuutikisa uso. Hata kampuni ya Martin ya Marekani ilipitia hapo. Ukulele zake za kwanza, mwaka 1907, zilikuwa na uso wa spurusi, mbao ya jamii ya misonobari, na mbavu nyingi kama gitaa dogo, na hazikupendwa. Iliporudi sokoni miaka michache baadaye kwa mahogani na mbavu chache nyepesi, zikauzika kwa wingi.

Wepesi wa kupiga ni suala jingine. Huo hauamuliwi na mbavu, unaamuliwa na pembe ya shingo, mfupa wa kichwani (kipande chenye mifereji kinachobeba nyuzi juu ya shingo) na mfupa wa daraja (kinachozibeba juu ya daraja). Usichanganye mambo haya mawili, la sivyo utatafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa.

Maneno ninayotumia: uso ni ubao wa mbele wenye tundu la sauti, kuta ni mbao nyembamba za pembeni zilizopindwa, mbavu ni vijiti vinavyogundishwa chini ya uso, kwa ndani, daraja ni kipande kinachofungiwa nyuzi juu ya uso. Mwongozo huu unachukulia kwamba kuta na shingo unazo tayari.

Chagua ukubwa kwanza

Urefu wa uzi kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa daraja ndio unaopanga mengine yote. Soprano ni milimita 345 hadi 350, konseti 380, tenori 430, baritoni karibu 500. Kazi ya kwanza iwe konseti. Soprano inabana vidole vya mtu mzima, na kosa la nusu milimita kwenye soprano linasikika mara moja. Tenori nayo inakula mbao zaidi na inahitaji mbavu zaidi. Vipimo vyote vilivyo hapa chini ni vya konseti yenye mwili wa urefu wa milimita 280 na upana wa 205 hivi sehemu ya chini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vipande viwili vya mbao kwa ajili ya uso, kila kimoja milimita 300 kwa 115, unene 3, vikiwa vimepasuliwa kutoka ubao mmoja ili mistari ifanane. Mkangazi, yaani mahogani yetu, ndio ninaoupendekeza. Sauti yake ni ya joto na inavumilia kosa dogo. Saipresi iliyonyooka mistari ni nzuri sana kwa sauti kali na ya haraka. Musizi ni mwepesi na hufaa, ila chagua kipande ambacho mistari yake haijipindi, kwa sababu randa huung'oa. Mvule siuweki usoni. Ni mzito, na mara nyingine una mawe ndani yake yanayotafuna makali ya randa. Vumbi lake pia linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo ukiutumia kwingineko vaa barakoa.

Kwa mbavu tafuta saipresi au paini yenye pete za karibu karibu, isiyo na fundo hata moja. Paini ya mashambani hukua haraka na pete zake huwa pana, hivyo itakubidi upekue rundo zima. Pale Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, usione haya kugeuza ubao mmoja baada ya mwingine, muuzaji amezoea.

Kwa vifaa unahitaji randa ndogo yenye makali, patasi, msasa namba 80, 120 na 220, kalipa ya kupimia unene, rula ya chuma iliyonyooka kweli, tupa nyembamba, mizani ya jikoni inayosoma gramu, gundi ya mbao ya njano, na fito kama ishirini za mianzi. Gundi nyeupe ya kawaida inashika, lakini hulegea joto likizidi, na ala inayopelekwa kwenye boda saa saba mchana hupata joto la kutosha. Kama nyeupe ndiyo uliyo nayo, itumie kwingine, usiitumie kwenye daraja wala mbavu.

Kazi yenyewe

1. Kausha mbao mpaka uzito usimame. Ubao ulionunua jana una maji, hata muuzaji akiapa. Upime gramu zake, uandike kwa penseli juu yake, uuweke mahali pakavu penye hewa, kisha upime tena kila wiki. Uzito usiposhuka tena wiki mbili mfululizo, uko tayari. Usiuanike juani, utajipinda. Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, hewa ya Kampala ni yenye unyevu mwingi. Tengeneza sanduku lenye balbu ya zamani inayotoa joto, uingize uso na mbavu siku moja kabla ya kugundisha, joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Usiliache likiwaka bila mtu.

   Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Uso uliogundishwa mbavu ukiwa umejaa unyevu unasinyaa ukifika Moroto au Kotido, kule Karamoja kwenye ukame, wakati wa kiangazi. Mbavu hazisinyai kwa urefu wao, kwa hiyo uso hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka.

2. Unga vipande viwili. Piga randa kingo mbili zikiwa zimeshikwa pamoja, kisha zisimamishe dirishani. Mwanga ukipita hata kidogo, rudia. Gundisha, bana kwa upole, acha usiku mzima. Kubana sana hukamua gundi yote itoke na kiungo kibaki kikavu.

3. Punguza unene. Shuka hadi milimita 2.2 kwa randa, halafu weka randa chini, uendelee kwa msasa. Mkangazi unaishia karibu 1.8, saipresi na musizi karibu 2.0. Namba hizi ni za kukuelekeza. Mkono na sikio ndivyo vinavyoamua. Shika uso kwenye kingo, upinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Kwa upana ukubali bila kuonekana kama karatasi, na kwa urefu ukatae waziwazi. Halafu ushike kwa vidole viwili robo ya urefu kutoka juu, uuning'inize karibu na sikio, ugonge katikati kwa ncha ya kidole. Ubao mnene unasema "ko" na kunyamaza. Ukifikia unene mzuri sauti inashuka, inafunguka, na inabaki kidogo hewani.

   Nenda polepole hapa. Ugumu wa ubao hufuata unene mara tatu, yaani unene kwa unene kwa unene. Kutoka 2.0 hadi 1.8 umepoteza zaidi ya robo ya ugumu, ingawa kwa jicho hujaona tofauti yoyote. Pima kila baada ya dakika chache, tena sehemu nyingi, maana mkono huegemea upande mmoja.

4. Kata tundu la sauti, kipenyo milimita 55 hadi 60. Tundu kubwa hupandisha noti ya hewa iliyo ndani ya mwili na sauti huwa nyembamba. Tundu dogo huishusha, lakini likizidi udogo sauti hubaki ndani. Mwili wenye kina kirefu nao huishusha noti hiyo. Usilifanye tundu kubwa ukidhani ndiyo njia ya kuongeza sauti.

5. Chora mahali pa daraja kabla ya mbavu. Shingo ikiungana na mwili kwenye freti ya 14, umbali kutoka ukingo wa mwili hadi mfupa wa daraja ni milimita 169.3. Ongeza 2 kwa sababu uzi ukibanwa huvutika na noti kupanda, upate 171.3. Ikiungana kwenye freti ya 12, umbali ni 190 na zile 2, jumla 192, na daraja linasogea chini karibu na sehemu pana ya uso. Sauti hapo huwa nzito na ya duara zaidi, lakini unapoteza freti mbili za kufikika. Kwa anayepiga nyimbo za kanisani na kuimba, freti ya 12 inatosha kabisa. Anayetaka kupiga melodi juu shingoni apewe ya 14.

6. Pasua mbavu, usizikate kwa msumeno. Weka patasi kwenye ncha ya kijiti, igonge, uache mbao ijipasue ifuatavyo mistari yake. Ubavu uliopasuliwa una mistari inayokwenda ncha hadi ncha, hivyo unaweza kuwa mwembamba na bado ukawa imara. Ukilala mezani, pete zake zisimame wima. Andaa:
   - mbavu mbili za kukingama, juu na chini ya tundu la sauti, upana 6, kimo 9;
   - mbavu tatu za feni, yaani zinazofunguka kama upepeo kuelekea mkia wa mwili, upana 5, kimo 7, urefu 120 hivi;
   - kiraka cha chini ya daraja, unene 1.5, urefu 100, upana 25, mistari yake ikikingama mistari ya uso.

   Huo ndio mpangilio ninaoupenda kwa konseti. Soprano inahitaji za kukingama na kiraka tu, na hupata ile sauti yake kali, ya haraka, isiyokaa. Feni huongeza muda wa noti kukaa na kuipa sauti uwiano, ndiyo maana tenori huwa na tatu hadi tano. Mbavu za msalaba kama za gitaa la chuma ziachie baritoni.

   Anayetoka kwenye kuunda adungu, kinubi cha kwetu chenye uso wa ngozi, aone tofauti moja hapa. Ngozi ya adungu inashikiliwa na mvuto wake yenyewe. Ubao hauna mvuto, unasimama kwa ugumu wake tu, na mbavu zipo ili uweze kuupunguza ubao huo kuliko ambavyo ungethubutu bila mbavu.

7. Upe uso mgongo kidogo. Ubavu wa kukingama ulio chini ya tundu usinyooke kabisa upande wa kugundishwa. Katikati uinuke nusu milimita kuliko ncha. Wa juu ya tundu uwe umenyooka, kwa sababu unabeba ubao wa freti. Mgongo huo unaupa uso nafasi ya kushuka kiangazini bila kupasuka.

8. Gundisha. Anza na kiraka, kisha za kukingama, halafu feni. Chini ya kila ubavu wa feni chonga mwanya mdogo upite juu ya kiraka bila kuinuka. Wa katikati uende moja kwa moja, wa pembeni uanze milimita 30 kutoka kwake na kufunguka hadi 40 karibu na mkia. Zote ziishie milimita 12 kabla ya ukingo. Weka uso juu ya meza chini ya rafu imara, na ukate fito za mianzi ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo. Ukizipinda kati ya rafu na ubavu, zinabana bila kuhitaji kibano chochote. Wenzetu wa upande wa Mbale wana mianzi tele kwa kazi hii. Futa gundi iliyotoka ikiwa bado laini, maana ikikauka ni uzito usio na faida.

9. Chonga mbavu ukisikiliza. Hapa ndipo sauti inapotengenezwa, kwa hiyo usifanye usiku umechoka. Kwanza fanya mgongo wa kila ubavu uwe mwembamba juu na mpana chini. Kisha teremsha ncha zake, milimita 30 za mwisho, mpaka kimo cha 2. Gonga uso mahali pa daraja, usikilize. Sasa shusha kimo cha feni kidogo kidogo, kutoka 7 kuelekea 5.5, ukigonga kila mara.

   Sheria ya unene inatawala hapa pia. Kutoka 7 hadi 5.5 umeondoa nusu ya ugumu wa ubavu. Kupunguza upana kutoka 5 hadi 4 kunaondoa moja ya tano tu. Kwa hiyo ukitaka badiliko kubwa gusa kimo, ukitaka dogo gusa upana. Acha pale mlio unapokuwa mpana na noti kukaa, na dole gumba likisukuma mahali pa daraja linahisi uso ukikubali kidogo na kurudi. Ukiwa na shaka, simama. Bado unaweza kuingiza vidole kupitia tundu la sauti na kipande cha msasa baada ya nyuzi kufungwa. Kuongeza mbao ulizoondoa ni kazi ngumu zaidi.

   Mpangilio wa pande zote mbili uwe sawa. Katika tuni ya kawaida ya G-C-E-A (kuanzia uzi wa nne hadi wa kwanza) uzi wa nne una noti ya juu, kwa hiyo hakuna upande wa besi wa kuimarishwa.

10. Funga mwili na uweke shingo. Laza rula ya chuma juu ya freti, ielekee darajani. Ipige usawa wa milimita moja chini ya mgongo wa daraja, likiwa limewekwa mahali pake bila gundi. Ikipita juu zaidi, nyuzi zitakuwa chini na kugonga freti. Ikigonga chini kabisa kwenye uso, nyuzi zitakuwa juu mno na hakuna mfupa utakaoziokoa. Rekebisha kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili, sasa, kabla ya gundi.

11. Gundisha daraja. Litengeneze kwa mbao ya mti wa mugavu, jepesi kadiri linavyoruhusu. Mpingo unapendeza machoni, lakini uzito wake unakaa katikati ya sehemu inayotakiwa kutikisika. Kwangua vanishi yote chini yake, gundi ishike mbao tupu. Pima 382 kutoka mfupa wa kichwani hadi mahali pa mfupa wa daraja, upime mara ya pili, ndipo ubane.

12. Chonga mifupa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani, uliochemshwa, kusafishwa mafuta na kukauka vizuri, unashinda plastiki. Kwa mfupa wa kichwani, bana uzi kwenye freti ya tatu, utazame freti ya kwanza: ibaki nafasi ya karatasi moja kati ya uzi na freti. Kwenye freti ya 12, uzi uwe milimita 2.3 hadi 2.8 juu ya freti. Ukitaka kuushusha nusu milimita hapo, ondoa milimita nzima kwenye mfupa wa daraja, upande wa chini.

13. Funga nyuzi za nailoni au fluorokaboni. Za fluorokaboni za konseti huwa karibu 0.5 kwa A, 0.65 kwa E, 0.85 kwa C na 0.55 kwa G. Uzi laini wa kuvulia samaki wa vipimo hivi, ukiwa wa fluorokaboni, unafanya kazi. Ule wa nailoni wa kawaida unalegea na kukosa tuni kwa siku nyingi za mwanzo. Usifunge nyuzi za chuma hata kwa kujaribu, zitang'oa daraja pamoja na kipande cha uso.

Subiri wiki moja kabla ya kuhukumu sauti. Mbao mpya na nyuzi mpya zote hutafuta mahali pa kutulia.

Mambo yakienda vibaya

Sauti fupi na kavu: uso au mbavu bado ni nene. Legeza nyuzi, ingiza msasa kupitia tundu, punguza ncha za feni kwanza, kisha kimo cha katikati. Fanya kidogo, funga nyuzi, sikiliza.

Noti moja inalipuka kuliko nyingine halafu inakufa ghafla: uso ni mwembamba mno au mbavu zimechongwa kupita kiasi. Gundisha ubavu mwembamba wa ziada pembeni mwa ule wa katikati kupitia tundu.

Uso umevimba nyuma ya daraja: uvimbe wa milimita moja au mbili ni wa kawaida, tena ni dalili kwamba hukujenga sanduku la mizigo. Ukizidi hapo au ukiendelea kukua, kuna ubavu umebanduka. Ingiza kioo kidogo na tochi ya simu, usukume uso polepole, utaona mwanya ukifunguka.

Mlio wa kukwaruza: ukiusikia uzi ukiwa wazi tu, mfereji wa mfupa wa kichwani umeingia chini mno. Ukiusikia kwenye freti fulani, iliyo mbele yake imeinuka. Ukiusikia kwenye noti moja popote unapoipigia, gonga uso kwa kidole eneo baada ya eneo. Mahali panapojibu kwa mtetemo wa kulegea ndipo penye ubavu uliobanduka.

Freti ya kwanza inaumiza na noti zake zinapanda: mfupa wa kichwani uko juu. Rudi hatua ya 12. Hili peke yake huponya ukulele nyingi za dukani pia, bila kugusa kitu kingine.

Freti ya 12 haikubaliani na uzi ulio wazi: noti ikipanda, sogeza ukingo wa mfupa wa daraja nyuma kuelekea mkia kwa kuuchonga mteremko, ikishuka, uulete mbele.

Ufa umetokea kiangazini: usiujaze gundi siku hiyo hiyo. Iweke ala kwenye begi lake pamoja na sponji yenye unyevu ndani ya kisahani chenye matundu, siku chache, mpaka ufa ujifunge wenyewe. Ndipo uingize gundi nyembamba, na kwa ndani ubandike kiraka kidogo cha mbao ambacho mistari yake inakingama ufa.

Daraja limeinuka kwa nyuma: legeza nyuzi leo, usingoje litoke lote, kwa sababu likitoka lenyewe huondoka na nyuzi za mbao za uso. Lipashe joto, uliondoe lote kwa kisu chembamba, ukwangue gundi ya zamani pande zote mbili, kisha ugundishe upya.